Taa ndogo ya chaji, na injini iliyogoma kuzima

"Zima," nikamwambia mdogo wangu. Yeye ndo alikuwa amekaa kwenye usukani, mi niko mbele boneti ikiwa wazi, multimita (kipimo cha umeme) mkononi, nimefurahi kweli kwa sababu nilikuwa nasoma volti 14.2 kwenye betri kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi ya kutoa dainamo na kufunga alternata, mashine inayozalisha umeme wa gari injini ikizunguka.

"Nimezima kaka."

Injini bado inanguruma.

"Zungusha ufunguo mpaka mwisho, zima kabisa."

Akautoa mkono dirishani, ufunguo uko kwenye vidole vyake. Injini inanguruma vilevile, tulivu kabisa, kama vile hakuna mtu aliyeiambia kitu.

Hapo ndo nikafanya kosa ambalo liliniulia alternata mpya kabisa. Nikakimbilia ile swichi kuu ya kukata betri nikaizungusha, nikijua sasa itazima tu manake umeme wote si unapita hapo. Haikuzima. Kitu pekee kilichobadilika ni multimita, namba zikaruka juu kwa haraka hata sikuweza kuzisoma. Nikapiga kelele, "Weka gia ya nne, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi!" Gari likatikisika mara moja, injini ikakwama, ikafa. Kimya. Nikarudisha swichi kuu ili nipime nione kuna nini, na papo hapo taa nyekundu ya chaji ikawaka yenyewe kwenye dashibodi na pampu ya mafuta ikaanza kulia, ufunguo bado uko mkononi mwa mdogo wangu.

Nimeamua kuandika hii kitu kwa urefu kwa sababu nilivyochunguza baadae nikakuta yote yale, injini kugoma kuzima na pampu kujiwasha, yamepita kwenye balbu moja ya wati 2.2, ile ya taa ya chaji. Na nilipokuwa nafunga zile nyaya nilikuwa naichukulia ile balbu kama pambo, kitaa cha kunipa habari tu. Sio hivyo. Ile balbu ni sehemu ya saketi yenyewe, bila hiyo alternata inaweza isianze, na usipoielewa inaweza ikakunyima njia ya kuzima gari. Kwenye gari la mbio injini isiyozima ni hatari ya moto na ya roho za watu.

Gari lenyewe ni Mini ya 1965 iliyotengenezwa upya kwa ajili ya mbio za magari ya zamani. Lilitoka kiwandani na dainamo (kizalishaji umeme cha zamani) ya Lucas aina ya C40, ile ya ampea 22, pamoja na kile kisanduku cha kudhibiti chaji kilichojaa koili na vikontakti vinavyogonga-gonga. Dainamo sio kitu kibaya, na kuna watu wanaipenda kwa sababu ya uasili wa gari nami nawaheshimu, ila injini ikiwa inazunguka taratibu haitoi kitu cha maana, na mi nina pampu ya mafuta ya umeme, feni ya umeme, na ignishen (mfumo wa cheche za kuwasha mafuta) ya kielektroniki. Wengi kwenye mbio fupi huwa hawafungi chochote, wanaendesha kwa betri peke yake, na kwa dakika 20 inatosha. Shida ni pale feni inapoanza kufanya kazi muda wote ukiwa kwenye foleni ya kuingia uwanjani, betri inashuka polepole, ikifika volti 11 na kitu injini inaanza kukohoa kwenye mizunguko ya juu na utahangaika na kabureta wiki nzima kumbe tatizo ni umeme. Yamenikuta. Kuhusu nguvu ambayo alternata inaila kwenye injini, piga hesabu: ampea 30 kwa volti 14 ni wati 420, weka upotevu wa karibu nusu, unapata kama nguvu ya farasi mmoja. Mi huyo farasi namtoa kwa moyo mweupe.

(Mini na balbu zina historia yao kwanza. Zilishinda mbio za Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, na hapo katikati, 1966, zilimaliza mbele ya wote zikafutwa kwenye matokeo kwa sababu ya aina ya balbu za taa za mbele. Kwaio mtu asiniambie balbu ni kitu kidogo.)

Kabla ya waya wowote kuna suala la chanya na hasi. Mini za miaka ile, kama magari mengi ya Uingereza ya wakati huo, zilikuwa zimefungwa chanya kwenye bodi. Alternata za kawaida zinataka hasi ndo iwe kwenye bodi, na ukiunganisha kinyume dayodi za ndani, vile vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinakufa muda uleule, hakuna hata nafasi ya kusema samahani. Kwaio unageuza betri, unabadilisha vishikizo vyake kwa sababu kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, unageuza nyaya mbili ndogo za koili ya ignishen, na unakagua kila kitu chenye elektroniki ndani, hasa geji ya mizunguko na pampu ya mafuta. Stata, ile mota ya kuwashia injini, yenyewe haijali, inazunguka upande uleule.

Alafu kuna puli, lile gurudumu la mkanda. Kwenye gari la kawaida alternata inazunguka karibu mara mbili ya injini. Sasa injini ya mbio ikifika mizunguko 8000 kwa dakika alternata iko 16000, na nyingi zimetengenezwa kwa kikomo cha kati ya 15000 na 18000, yaani unacheza ukingoni kila mzunguko wa uwanja. Niliweka puli kubwa zaidi kwenye alternata ili ishuke ikaribie kasi ileile ya injini. Faida ya pili ni kwamba mkanda hauruki. Ubaya wake ni kwamba ukiwasha gari taa ya chaji haizimi mpaka upige gesi kidogo, na hilo ni sawa, usianze kufungua vitu.

Waya mnene wa kutoka alternata niliukosea pia, japo kosa hilo lilikuwa la polepole. Nilitumia tena waya wa dainamo uliokuwepo, wa kama milimita za mraba 3, urefu wa mita 2 hivi mpaka kwenye solenoidi (swichi nzito) ya stata. Waya ule ulikuwa wa ampea 22. Shaba yenye unene wa milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa omu 0.017 kwa kila mita, kwaio waya wangu ulikuwa na kama omu 0.0115, na ampea 40 zikipita unapoteza karibu volti nusu njiani, na hiyo nusu inageuka joto ndani ya waya uliozeeka miaka zaidi ya hamsini. Nikaweka wa milimita za mraba 10, upotevu ukashuka mpaka 0.14. Betri ya Mini iko nyuma kwenye buti, kuna safari ndefu bado, sasa usiongeze hasara mbele. Tamino, vile vichwa vya waya, zibane kwa koleo lake sio kwa pliasi, visha kila kichwa mpira, na funga waya karibu na alternata ili mtikisiko usiukate. Na ukumbuke ule waya una moto, yaani umeme, saa zote hata gari likiwa limezimwa. Spana yako ikigusa pale na bodi kwa pamoja utaona cheche ambayo hutoisahau. Toa kichwa cha hasi cha betri kwanza, kila mara.

Na ethi, yaani bodi. Gari langu lilikuwa limetoka kupakwa rangi, mabano ya alternata nayo yamepakwa rangi nene nzuri sana, na rangi haipitishi umeme. Nilikwangua mpaka chuma cheupe kwenye sehemu za boliti, alafu nikaongeza waya wa ethi kutoka mwili wa alternata mpaka kwenye bloku ya injini na mwingine kutoka injini kwenda bodi. Ni kazi ya dakika kumi na watu wanaikwepa sijui kwa nini.

Sasa turudi kwenye balbu.

Ndani ya alternata kuna sumaku inayozunguka, rota, lakini sio sumaku ya kudumu, ni koili iliyozungushiwa chuma, inakuwa sumaku pale tu unapoipa umeme kupitia brashi mbili. Nje yake kuna koili zilizotulia ambazo ndo zinazalisha. Gari likiwa limezimwa rota haina usumaku wa maana. Kwaio nani anaipa umeme wa kwanza? Balbu. Ukifungua ufunguo, umeme unatoka kwenye swichi, unapita kwenye balbu ya chaji, unashuka kwa waya mwembamba mpaka kwenye tundu dogo la alternata (kwenye zingine limeandikwa D+, zingine IND, zingine L, na kwa Wajerumani waya huo ni namba 61), unapita kwenye regyuleta (kidhibiti cha volti), rota, unaishia kwenye bodi. Ni ampea 0.18 tu, lakini inatosha kuipa rota usumaku mdogo wa kuanzia, na kwa sababu umeme unapita balbu inawaka. Injini ikianza kuzunguka, zile koili za nje zinatoa umeme, dayodi tatu ndogo za ndani zinachukua sehemu ya umeme huo na kuirudishia rota, na pale kwenye D+ volti inapanda mpaka 14. Sasa balbu ina volti 14 huku na volti 14 kule. Hakuna tofauti, hakuna kinachopita, inazima. Mi nikilielewa hilo nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji nikacheka peke yangu kwa furaha, yaani hakuna swichi, hakuna sensa, ni usawa tu wa pande mbili, ikitokea upande mmoja umeshuka taa inasema.

Ndo maana balbu ikiungua unaweza ukawa huna chaji kabisa na dashibodi haikuambii kitu. Chuma cha rota huwa kinabakiza usumaku kidogo, kwaio alternata nyingine itaamka yenyewe ukipeleka mizunguko juu sana, lakini usitegemee bahati. Na ndo maana ukibadilisha ile balbu ukaweka LED kwa sababu inapendeza, chaji inaweza kugoma: LED inapitisha kama ampea 0.02, mara tisa pungufu. Dawa yake ni rezista (kifaa cha kuzuia umeme kiasi) ya omu 68 sambamba na LED, na iwe ya wati 5 kwa sababu ufunguo ukiwa wazi injini haijawaka inatoa joto la wati 2 na ushee. Mi nimebaki na balbu ya nyuzi ila nimeiwekea rezista hiyohiyo pembeni, kwa sababu mtikisiko wa gari la mbio unakata nyuzi za balbu mara nyingi kuliko unavyofikiri, na sitaki uhai wa chaji yangu uning'inie kwenye kauzi kembamba kiasi kile.

Sasa kwa nini injini iligoma kuzima.

Gari langu halipitishi umeme wote kwenye swichi ya ufunguo, swichi ile ni ya zamani. Ufunguo unavuta rilei tu, swichi inayofungwa kwa umeme mdogo, na rilei ndo inapeleka moto mkubwa kwenye ignishen na pampu ya mafuta. Koili ya rilei inakula ampea kama 0.15. Na balbu ya chaji nilikuwa nimeichukulia umeme kwenye waya uleule unaovuta rilei. Unaona inapoelekea? Injini inazunguka, D+ ina volti 14. Mdogo wangu anafunga ufunguo, waya wa ufunguo unabaki hauna moto wa kutoka mbele. Lakini umeme wa D+ unapanda kinyumenyume kupitia balbu na ile rezista, unaingia kwenye waya wa ufunguo, unafika kwenye koili ya rilei, na rilei ikishashika inahitaji umeme kidogo tu ili ibaki imeshika. Ignishen ina moto, pampu ina moto, injini inaendelea, alternata inaendelea kuzunguka, D+ inaendelea kutoa. Duara kamili. Na taa ilikuwa imewaka hafifu muda wote ule, ikinionyesha kabisa kinachoendelea, mi niko mbele natazama multimita.

Kwenye magari yenye platini (vikontakti vya zamani vya ignishen) na koili ya zamani hiki kitu huwa hakitokei, koili ile inataka ampea kadhaa na balbu haiwezi kuzipitisha. Ni rilei na ignishen za kisasa zinazokula kidogo ndo zinashikwa. Yaani ubora wa vifaa vyangu ndo ulifungua mlango.

Dawa ni dayodi moja, 1N4007, ya ampea 1, kwenye ule waya mwembamba kati ya balbu na alternata, mstari wa dayodi ukielekea alternata. Umeme unashuka kwenda kuiamsha rota, haupandi. Ila kuna kitu unakipoteza na ni vizuri ukijue: bila dayodi, taa inayowaka hafifu injini ikiwa inazunguka inakuambia kuna tofauti kati ya D+ na waya wa ufunguo, labda tamino imelegea au kuna ukinzani mahali, na ukiweka dayodi unapoteza ujumbe huo wa upande mmoja. Nikaongeza voltimita kwenye dashibodi kufidia.

Kosa la pili, swichi kuu. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya nguzo mbili nene tu, inakata kebo ya betri basi. Kwenye Mini waya wa alternata unaishia kwenye solenoidi, yaani upande wa gari sio upande wa betri, kwaio ukikata betri alternata inabaki imeunganishwa na ignishen na inailisha vizuri tu. Na ubaya haukuishia hapo. Betri ndo inameza mawimbi ya umeme. Ukiitoa ghafla wakati alternata inachaji, rota bado ina usumaku wote, regyuleta haiwezi kuupunguza papo hapo, na volti inaruka, inaweza ikavuka 60 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Zile namba nilizoziona zikikimbia kwenye multimita ndo hizo. Dayodi moja ya chanya ndani ya alternata ikapiga shoti. Niliporudisha betri, umeme ukaingia kinyume kupitia dayodi iliyokufa, ukatokea D+, ukapanda kwenye balbu, ukavuta rilei, pampu ikaanza. Ndo maana taa ya chaji ikiwaka wakati umetoa ufunguo usilale ukasema utaangalia kesho, toa betri usiku huohuo, rota inakunywa ampea kadhaa na asubuhi utakuta betri imekauka.

Swichi sahihi ina nguzo mbili nene na jozi mbili za vikontakti vidogo. Jozi moja inafunguka ukikata, hiyo nimepitisha umeme wa kuvuta rilei ya ignishen. Jozi ya pili inafunga ukikata, hiyo inaunganisha upande wa alternata na bodi kupitia rezista ya omu 3, ili ule umeme uliobaki upate pa kwenda. Rezista yake imeandikwa wati 11, na ukipiga hesabu ya volti 14 kwa omu 3 unapata zaidi ya wati 60, watu wanashtuka, lakini inabeba mzigo huo kwa muda mfupi tu injini inapokufa. Zingatia tu usikosee hizo jozi mbili, ukizibadilishana rezista itakuwa inapikwa muda wote gari likiwa linaendeshwa. Pima kwa multimita kabla ya kufunga, usiamini mchoro wa kwenye boksi.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zenyewe ziko wazi hapa: swichi kuu ikate saketi zote, betri, alternata, taa, ignishen, na izime injini pia, na ifikiwe kutoka ndani na nje. Ya nje inawekewa alama ya radi nyekundu kwenye pembetatu ya bluu yenye ukingo mweupe, kitako chake angalau sentimita 12. Niliwahi kuiona ile stika kama mapambo. Ni ahadi kwa mtu wa zimamoto anayekimbilia gari lako likiwa limepinduka na wewe huwezi kusema, kwamba akivuta pale kila kitu kinakufa. Gari langu lilikuwa limebeba ile stika na ahadi yenyewe ni ya uongo, na hilo liliniuma kuliko alternata iliyoungua.

Nikafunga alternata nyingine, tukaanza kupima upya, mdogo wangu kwenye usukani. Ufunguo wazi injini haijawaka: taa inawaka kwa nguvu, D+ iko chini, volti chache tu. Injini imewaka, kagesi kidogo, taa ikazima. Betri 14.2. Feni na taa zote zimewashwa, injini mizunguko 2500: kati ya kichwa cha alternata na chanya ya betri kule kwenye buti upotevu 0.25, kati ya mwili wa alternata na hasi ya betri 0.1. Nikaridhika. "Zima." Ikazima. Tukarudia mara kumi, kila mara inazima, mdogo wangu akaniambia kaka inatosha nami nikamwambia bado. Alafu ile ya swichi kuu, injini ikiwa mizunguko 3000 na mzigo wote, sikuwa na ujasiri nao kusema kweli, nilishaua moja. Nikavuta. Injini ikafa ndani ya sekunde moja. Tukaiwasha tena, 14.2.

Kwenye mbio zilizofuata mkaguzi alikuja na karatasi yake, akaniambia niwashe nipandishe gesi, akazunguka mpaka kwenye pembetatu ya bluu bila kuniambia na akavuta mwenyewe. Gari likanyamaza. Akaweka tiki, akaenda kwenye gari la jirani.